Kimondo cha Mjomba Gabrieli

Lusegwa, milimani
3 Julai 1997

Mpwa wangu Thobias,

Salamu nitaziweka mwishoni, zikibaki.

Nimerudi jana kutoka Dakawa kwa mwanangu Joyce aliyejifungua. Nimekaa huko wiki sita, na hizo wiki sita nimewafundisha kupura mpunga watu waliozaliwa kwenye mpunga. Lori likatushusha chini, nikapanda mlima kwa miguu, gunia la mchele kichwani. Wanaume wawili wa umri wako niliopanda nao walipumzika mara nne, mimi sikupumzika. Nafika, hata gunia sijatua, nakuta kamba.

Kamba ya katani imefungwa mti hadi mti, imezunguka shimo la juu, lile la msitu wa ukoo wetu. Njiani kuna ubao umepigiliwa misumari. Na kwenye ukingo wa shimo amekaa msichana wa Kizungu, kaptula imeishia hapa, anamenya yai. Maganda anayatupa shimoni. Nikamwambia, we binti, humo yumo mtu. Akacheka, akanipiga picha.

Nikamfuata Tomasi jirani yangu, maana yeye ndiye aliyewaleta. Nikamuuliza nani kakupa ruhusa. Akasema, "Mpwa wako Thobias, mzee, mimi nimeajiriwa tu." Tomasi huyu ambaye hata mbuzi wake humpotea njiani, leo anaonyesha Wazungu njia, na kofia amevaa yenye maandishi.

Ubao nimeusoma. Usifikiri sisomi. Nilifika darasa la pili misheni, na padri mwenyewe alisema kama si mbuzi wa baba yangu ningefika mbali. Nimeusoma neno kwa neno mpaka jua likanifika utosini. Umeandikwa eti KARIBU KWENYE SHIMO LA KIMONDO, jiwe lilianguka kutoka angani miaka elfu nyingi kabla binadamu hajafika hapa. Kabla binadamu hajafika? Na mimi nilikuwa nani, nyani?

Nyota ile imeanguka mwaka 1951, jioni, watu wanafunga mbuzi. Nimeiona mimi Gabrieli, hatua thelathini kutoka hapo. Kope zangu ziliungua zikaota upya. Mtu mwingine angekufa kwa mshindo tu. Na mdogo wangu Agustino, mjomba wako, mtoto wa miaka kumi na saba, alikuwa palepale anakata fito, nyota ikamzika. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Kwa hiyo lile si shimo la kutazamwa. Lile ni kaburi.

Ondoa kamba yako na Wazungu wako. Ubao usihangaike nao, nimeung'oa. Ulikuwa mkavu, maharage yameiva upesi.

Msalimie dada yangu Paskalia. Wewe sikusalimu.

Mimi mjomba wako, mshika ukoo,
Gabrieli
(nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu)


Mafiga, Morogoro
12 Julai 1997

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mwamvita aliposhusha kabichi sokoni. Nilimsomea Mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tu kama kiuno chako kimepona.

Mjomba, kuingia msituni wakati hupo ni kosa langu, naomba radhi. Lakini na wewe nisikilize. Unajua kiwanda chetu kimeuzwa. Siku mwekezaji alipokuja tulipangwa mstari uwanjani, yakasomwa majina ya wanaobaki, la kwangu halikusomwa. Miaka ishirini na mbili nilikuwa fundi wa mashine zile, nazijua kwa mlio hata nikiwa nje ya ukuta. Nilitoka getini na boksi la spana. Tangu siku hiyo nauza sabuni za vipande barazani, na mke wangu Judith anakaanga maandazi. Watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nilikaa nikajiuliza, mimi nina nini ambacho mwingine hana? Nikakumbuka nina nyota.

Na nyota hiyo nani alinipa? Ni wewe. Nimekua nikiisikia. Ukiwa na furaha unaisimulia, ukilewa unaisimulia, alipokuja askofu uliisimulia mpaka chakula kikapoa. Leo kuna watu wako tayari kutoka Ulaya kuja kuisikia, ndipo unaniambia ni kaburi, wasisogee.

Nimempata Bwana Salehe, ana ofisi ya kutembeza watalii Dar es Salaam. Anasema kule Mbozi watu wanasafiri siku mbili kwenda kuangalia jiwe lililokaa tu, hata shimo halina. Sisi tuna shimo, tuna msitu, tuna na shahidi aliye hai. Maneno ya ule ubao aliyatunga yeye, eti wageni wanapenda mambo ya kale. Tutaandika upya, na jina lako litakuwa la kwanza, kwa rangi nyekundu.

Sasa jambo lenyewe. Salehe hawezi kufunga mkataba na ukoo mpaka mtaalamu athibitishe. Amempata Mzee Mikidadi, mtu wa makamo yako, amesomesha mambo ya miamba maisha yake yote. Tarehe 13 Septemba watapanda na vibarua, watachimba mpaka chini walipate jiwe. Na wakimkuta Mjomba Agustino, tutaishusha mifupa yake kwa heshima hadi makaburi ya misheni. Miaka arobaini na sita hana hata msalaba. Kusema kweli nilidhani hilo lingekufurahisha kuliko yote.

Inatakiwa sahihi yako. Karatasi nimeiambatisha.

Mpwa wako,
Thobias


Lusegwa
20 Julai 1997

Thobias,

Hapachimbwi.

Karatasi yako nimewashia kiko.

Wewe unamjua mtu unayebishana naye? Mwaka 55 Waingereza walitaka tuuchonge mlima huu matuta ya ngazi. Bwana shamba alisimama hapo chini na askari wake, soksi zimefika magotini, akasema chimbeni. Wanaume wazima wakashika majembe. Mimi nikakaa juu ya jembe langu. Akaniuliza jina, nikamwambia andika Gabrieli kwa herufi kubwa. Serikali ya malkia ilishindwa kunichimbisha, sembuse huyo Mikidadi wako na chaki zake.

Tena huyo msomi mwambie anajisumbua. Jiwe halipo. Lilikuja saa sita mchana, jua kali, lina moto kama wa mhunzi, likaingia ardhini bila kusimama. Nililisikia likienda. Sasa hivi liko upande wa pili wa dunia kwa Wachina. Kachimbeni huko.

Mnasema mtaleta mifupa misheni. Nani kawaomba? Mwache alale. Siku hizi kila kitu ruksa, kiwanda ruksa, msitu ruksa, sasa hata mtu wa chini ya udongo ruksa kumfukua aonyeshwe kwa wenye kaptula.

Nikukumbushe jambo. Wanangu wa kuzaa ni wa ukoo wa mama yao, hawarithi huku. Sisi Waluguru jina langu na msitu huu vinakwenda kwa mtoto wa dada. Nimekutazama wewe tangu unatambaa, nikasema huyu ndiye. Lakini dada zangu hawakuzaa mmoja. Yupo Emmanuel wa marehemu dada yetu mdogo, mjinga kidogo lakini anasikia. Ukipandisha sururu hapa, jina analichukua Emmanuel.

Na huyo Mikidadi akija na sururu aje na jeneza lake pia, maana hapa kwetu mbao zimekuwa adimu tangu nilipopikia ule ubao.

Gabrieli, mshika ukoo


Mafiga
2 Agosti 1997

Mjomba,

Shikamoo.

Barua zako mbili nimeziweka mezani pamoja. Ya kwanza inasema nyota ilianguka jioni watu wanafunga mbuzi. Ya pili inasema saa sita mchana jua kali. Nilipokuwa mdogo ilikuwa alfajiri, jogoo wa pili, hata jogoo mwenyewe uliniambia alikufa kwa mshtuko. Mimi nimekuwa fundi. Mashine ikinipa milio mitatu tofauti siku moja, najua kuna kitu kimevunjika ndani.

Sijui unaficha nini. Salehe anasema labda umeshapata jiwe zamani ukaliuza. Nilimkatalia, nikamwambia Mjomba wangu ana maneno mengi lakini si mwizi. Sasa sijui kama nilisema kweli. Watu wengine wanasema ni wivu tu, kwamba hutaki nyota iwe na mtu mwingine wa kuisimulia.

Jina mpe Emmanuel. Jina haliliki. Mimi watoto wangu wako nyumbani saa hizi, katikati ya muhula, wanahesabu malori barabarani.

Umesema hutatia sahihi. Sawa. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwetu ardhi inapita kwa wanawake, mwanaume anaishika tu. Mwanamke mkubwa wa ukoo ni Mama. Jana nilimsomea karatasi ya Salehe, mara mbili, taratibu. Aliniuliza, "Watachimba mpaka chini kabisa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Lete wino." Ametia dole gumba.

Tarehe 13 tutapanda.

Thobias


Lusegwa
9 Agosti 1997

Dada yangu Paskalia,

Shikamoo dada.

Huyu mwanao ananiandikia eti umetia dole gumba. Mimi siamini. Nimesema amekushika mkono ukiwa usingizini, maana vijana wa mjini siku hizi wanaweza. Kama amefanya hivyo niambie, nitashuka mwenyewe, nitamchapa mbele ya mke wake, umri si kitu.

Lakini kama ni wewe, dada, umefikiri nini? Tumekaa miaka yote hii vizuri. Mama yetu alikufa ametulia. Agustino ametulia. Wewe ndiye uliyekuwa nyumbani na Mama siku ile. Unajua nilivyorudi. Sasa waje watu wenye vipimo wachokonoe, kwa faida gani?

Watumie neno wasitishe. Wewe ukisema hawapandi. Nimekuomba vitu vichache maishani, kwa sababu vingi najiweza.

Mwamvita atalala huko Jumapili, mpe jibu.

Mdogo wako,
Gabrieli


Mafiga
17 Agosti 1997

Mdogo wangu Gabrieli,

Marahaba. Anayeandika ni Judith, mkamwana wangu. Nimemwapisha kwa Bikira Maria. Thobias hajui barua hii.

Hakuna aliyenishika mkono. Dole ni langu.

Unaniambia najua ulivyorudi. Ndiyo, najua, na ndiyo maana nimelitia. Nilikuogesha mimi. Mama alikuwa amelala chini anagaagaa, nikakupeleka nyuma ya nyumba nikakumwagia maji. Kope zako zilikuwepo zote, Gabrieli. Nywele zilikuwa zinameta ulanga, yale mawe yanayobanduka kama karatasi, hata nyuma ya sikio kulikuwa na ukoko wake. Na vidoleni hukuwa na kucha. Mkono wa kulia zilibaki mbili. Nyota haing'oi kucha.

Nyota kweli ilipita wiki ile. Tuliiona wote, ilipita Jumanne, ikaenda zake upande wa Kisaki. Agustino alipotea Ijumaa. Ulichukua ya Jumanne ukaifunika ya Ijumaa.

Nilijua mnachimba. Machimbo ya ulanga ya Mzungu yalikuwa yamefungwa, ninyi mkaenda kwa siri kwenye msitu ambao mjomba wetu mkubwa alikataza hata kuokota kuni. Agustino aliniletea kipande siku moja, akakiweka machoni akanitazama kupitia humo, akasema dada, umekuwa mchawi wa kioo. Nilimwambia acheni. Akasema kaka Gabi hawezi kuacha, ameshawaambia watu atajenga nyumba ya bati.

Nilinyamaza kwa sababu mjomba angekufukuza mlimani, na mimi nina mtoto mgongoni na ndugu mmoja amekwisha kufa. Nilisema nitangoja, atasema mwenyewe. Miaka arobaini na sita umesema kila kitu ila hicho.

Lakini kilichonikaa kooni si hicho. Ulimwambia Mama kwamba aliyechukuliwa na mbingu haombolezwi. Hafanyiwi matanga, haitiwi watani. Kila mtu anayekufa mlima huu, hata mlevi, hata mwizi wa ndizi, watani wanakuja, wanamwigiza alivyotembea, wanatutukana sisi wafiwa mpaka tucheke, ndipo tunajua amekwenda. Agustino hakuna aliyekuja. Uliogopa watani, kwa sababu mtani anauliza lolote na hajibiwi kwa hasira. Na Mama ukamwacha hivyo. Unasema alikufa ametulia. Hukuwa unamtazama. Kila alipotoka nje alitazama juu, anasuka mkeka anatazama juu. Mtoto wake yuko chini.

Tarehe 13 watachimba. Watakuta magogo uliyoegesha kuzuia udongo, na watakuta sururu. Thobias atasimama mbele ya watu aliowaita mwenyewe, na hadithi yako mdomoni. Una siku ishirini na saba. Mwambie. Usiponiandikia mimi sawa, mwandikie yeye.

Kiuno chako kifanyie majani ya mkaratusi.

Dada yako,
Paskalia

(Shikamoo Mjomba. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza. Judith.)


Mafiga
14 Septemba 1997

Mjomba,

Shikamoo haipo leo.

Siku ishirini na saba. Mama ameniambia alikupa siku ishirini na saba. Hukupata kalamu?

Nataka niandike jinsi ilivyokuwa, labda ukisoma utajiona. Tulipanda watu tisa. Mzee Mikidadi ana pumu, tulimsubiri kila kona. Salehe ameleta kamera na bendera ya kampuni. Akina mama wa Lusegwa wamejipanga njiani na ndizi na matunda damu, wamevaa kanga mpya, Tomasi kofia ameifua. Nikasema moyoni, hata kama Mjomba amekasirika, leo akiona haya atalainika.

Tukakukuta ndani ya shimo. Umekaa chini kabisa juu ya udongo, umevaa shati lako la misa, jembe magotini. Nikasema ametaka kutuzuia. Vibarua wakarudi nyuma. Lakini Mzee Mikidadi alishuka taratibu, akakaa karibu yako kama mmekutana kilabuni, akasema, "Mwenzangu, habari za siku nyingi." Ukamjibu, "Nzuri, karibu." Salehe akawasha kamera, akasema, "Mzee, hebu tusimulie ile nyota."

Ukasema, "Hapakuanguka kitu. Nilichimba mimi."

Basi. Mtu ambaye hajawahi kusema maneno machache maishani alichagua siku hiyo.

Mzee Mikidadi akakwaruza ukuta wa shimo kwa kidole, akapuliza, akanionyesha. "Ulanga," akasema. "Hapa palikuwa machimbo, halafu mlima umeporomoka juu yake. Pole, kijana." Kijana ni mimi, nina miaka arobaini na saba. Salehe akazima kamera. Alicheka mpaka tunafika barabarani. Akaniambia, "Fundi, kimondo chako kilikuja na sururu." Hata vibarua walicheka. Mama mmoja alinirushia ganda la ndizi mgongoni, na mwingine akamwambia mrushie na chane, maana nani atazila sasa. Tomasi aliivua kofia akanipa mkononi.

Nilikuuliza mbele ya wote, na Mjomba Agustino je? Ukaanza kufuta udongo kwenye jembe.

Nimefika nyumbani, nikaanza kumweleza Mama kwa uangalifu nisimshtue. Hakushtuka. Judith akaanza kulia kabla sijamaliza. Nikatambua nyumba nzima inajua ila mimi. Mke wangu amelala na jambo hilo kitanda kimoja na mimi karibu mwezi, ananitazama napiga pasi shati la kwendea kuaibika.

Mama amenieleza kucha na ulanga. Zaidi ya hapo anasema hajui, anayejua ni wewe.

Sitaki msitu wala jina. Nataka jambo moja tu, na ninalidai. Mjomba Agustino alikufaje? Uandike. Na usiniletee nyota.

Thobias


Lusegwa
21 Septemba 1997

Thobias,

Kalamu nilikuwa nayo. Nilianza mara tano, kila nikianza naona nimeshaweka ngurumo na moto. Mkono umezoea.

Watu hapa hawanisalimii. Tomasi akipita anaimba. Padri nilimwendea, nikamwambia, akanipa sala za kusema, chache, nikaona hakunielewa au hakuniamini.

Sasa sikiliza.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Agustino asubuhi ile alikataa kuingia. Akasema kaka, mti wa tatu unalia. Nikasikiliza, kweli ulikuwa unalia, mlio mdogo kama mlango. Nikamwambia mti ule nimeuegesha mimi, na mti nilioegesha mimi hauanguki. Nikamwita mwanamke. Akaingia.

Haukupasuka kwa kishindo. Udongo ulikaa tu, kama mtu mnene anayekaa kitini. Mimi nilikuwa mlangoni na karai. Vumbi lilipotulia nikamsikia. Alikuwa hai, Thobias. Hilo mama yako halijui, hilo hakuna anayelijua. Alikuwa ananiita kaka Gabi, kaka Gabi, mguu. Sauti ilikuwa karibu kabisa, kama mtu wa chumba cha pili.

Siku hiyo mjomba wetu mkubwa alikuwa na watu wa kiwili, wale wa kulima kwa pamoja, chini ya msitu, wanalima shamba la misheni. Wanaume kama thelathini, wote na majembe. Nilikuwa nasikia wanavyoimba. Mtu akipiga ukelele pale juu, chini unasikika. Wangekuja wanakimbia.

Sikuita.

Watu wakijua watasema niliogopa mjomba. Niliogopa, ndiyo, lakini si hivyo tu, na nimeapa kukuandikia yote. Nilijiambia mimi nina nguvu kuliko wote wale. Nitamtoa mwenyewe, peke yangu, kabla hawajajua. Tena niliwaza, yeye ananiita mle ndani na mimi nawaza hivi, kwamba nikimtoa itakuwa habari kubwa ya kusimulia.

Nilichimba. Sururu ilikuwa ndani naye, nikachimba kwa karai, likapinda, nikachimba kwa mikono. Aliniita mpaka wale wa chini walipoacha kuimba wakaenda kula. Halafu akawa anaita Mama. Halafu hakuita. Nikaendelea. Walipoanza kuimba tena baada ya chakula bado nilikuwa nachimba, na hata wakati huo, Thobias, hata wakati huo sikuita, maana sasa ningesema nini.

Mwezi wa nne mvua kubwa zikashusha ule mteremko wote, pakawa duara. Ndilo shimo lako.

Usiniandikie maneno ya huruma. Nitayawashia kiko. Mimi ni mzee mbaya na wewe una haki ya kukasirika mpaka ufe, ila usikasirike ukiwa huko Mafiga. Njoo ukasirikie hapa. Njoo na majembe na watu, wengi, sitaki tena mtu achimbe peke yake pale. Mlete mama yako, nitatuma wanaume wambebe kwa machela kutoka barabarani. Mimi sitambeba, kiuno hakijapona, hiyo ndiyo kweli yake. Watoto wako wasimame wamwone babu yao mdogo akitolewa. Kisha ashushwe misheni, na matanga yafanyike hapa kwangu, siku zote, hakuna kupunguza.

Na watani waje. Nimeshavuka mto kwenda kwao mwenyewe kuwaambia. Mkubwa wao akanitazama akasema, "Gabrieli, tumekusubiri sana." Halafu akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Akasema, huyo marehemu sisi hatumjui, wote wa kwetu waliomwona akitembea wamekufa, alikuwa na mwendo gani, alicheka vipi, tutamwigizaje? Nikataka kumwonyesha. Nikasimama. Nimemkumbuka sauti tu, ile ya mwisho. Mwendo wake nimeusahau.

Basi nimewaambia waniigize mimi. Mmoja awe Agustino, alale chini ya mkeka aite. Mwingine avae shati langu, atunishe kifua, achimbe kwa mikono, azungumzie nguvu zake. Nimewafundisha na maneno yenyewe, ya mti nilioegesha mimi. Wengine wawe wale thelathini wa shambani, wakae upande wa pili na majembe yao waimbe, na yule mwenye shati langu asiwaite. Wafanye mbele ya watu wote, mchana, akina mama wa ndizi wawepo, Tomasi awepo. Warudie mara watakazotaka.

Mimi nitakaa mbele, chini, karibu na mama yako. Wakinigeukia waniulize kwa nini hukuita, sitajibu kitu.

Gabrieli